Kifungashio Chema Hujulikana Mwisho Wake

Ukienda Mama Ngina jioni kupunga upepo, ni nadra kuondoka bila dafu. Muuzaji hulikata kichwa kwa panga, mapigo matatu manne, akatumbukiza mrija wa plastiki, nawe ukanywa huku ukitazama meli ikiingia Kilindini. Maji yakisha, unamrudishia alipasue ili ule ile nyama laini ya ndani. Hapo ndipo hufanya jambo tulilolizoea hata hatulioni tena: hukata kipande cha ganda la dafu lile lile, akakupa mkononi. Hicho ndicho kijiko chako.

Kwa hivyo mkono mmoja umekupa vyombo viwili. Kijiko hakikuagizwa kutoka kokote wala hakikulipiwa, na ukikitupa kitaoza pamoja na dafu lenyewe. Mrija ulitengenezwa kiwandani, ukasafirishwa, ukafunguliwa kutoka kwenye mfuko wa mirija mia, ukatumika dakika tano. Upepo ukiupeperusha, bahari iko hatua chache tu. Humo utakatikakatika vipande vidogo mwaka baada ya mwaka, lakini hautaoza.

Siku hizi dunia nzima inazungumzia ubunifu wa bidhaa na vifungashio visivyoharibu mazingira. Mijadala hiyo huja na picha za vitu vipya vyenye bei kubwa, mpaka mtu wa Majengo au Mkunguni akadhani hayamhusu. Yanamhusu sana. Makala haya yanaeleza ubunifu huo ni nini, ulikosea wapi, na kwa nini sisi wa pwani tuna la kusema kuuhusu.

Swali la tatu

Kila anayebuni kitu cha kutumika hujiuliza maswali mawili. La kwanza, je, kitafanya kazi? La pili, kitagharimu kiasi gani? Mfuko usipasuke, chupa isivuje, na bei isimtishe mnunuzi. Ubunifu unaojali mazingira unaongeza swali la tatu: kikishamaliza kazi yake, kitakwenda wapi?

Swali hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalobadilisha kila kitu. Kifungashio kingi tunachokitumia kina kazi ya muda mfupi sana. Mfuko hubeba nyanya kutoka Marikiti hadi nyumbani, nusu saa. Boksi la chakula cha kubeba hufanya kazi mpaka ufike ofisini. Ikiwa kitu cha kutumika nusu saa kimetengenezwa kwa mali inayodumu kuliko umri wa mtumiaji, hapo kuna kasoro katika kukibuni kwenyewe, hata kama kimependeza na bei yake ni rahisi. Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakujua kwamba itakuja siku taka nazo haziozi.

Nia njema, mwisho mbaya

Si haki kudhani kwamba waliotuletea plastiki walikuwa watu wabaya. Mfuko mwepesi wa plastiki wenye mishikio miwili, ule tuliouita juala, na wengine wakauita "karatasi" ilhali si karatasi, ulibuniwa na mhandisi wa Sweden, Sten Gustaf Thulin, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Celloplast. Hataza yake ilitolewa Marekani mwaka 1965. Kwa upande wa kazi, ule ulikuwa ubunifu hodari: neli moja ya plastiki inabanwa kwa joto, inakatwa, na tayari ni mfuko usioshonwa popote, mwepesi kama unyoya, unaobeba mzigo mzito kuliko wenyewe mara nyingi. Mwanawe amewahi kusimulia kwamba baba yake alitarajia mfuko huo uokoe miti isikatwe kwa ajili ya karatasi, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiukunja na kuuweka mfukoni ili autumie tena na tena.

Yaani mfuko ule ulikusudiwa kutumika mara nyingi. Tatizo ni kwamba ulikuwa rahisi mno kupatikana, na kitu cha bure hakuna anayekitunza. Aliyeubuni alijibu vizuri maswali mawili ya kwanza. La tatu aliwaachia watumiaji, nao wakaliachia upepo.

Mfano wa pili tunaukumbuka sisi tuliosoma skuli za msingi miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini. Maziwa ya Nyayo, mpango ulioanzishwa na serikali ya Rais Moi mwaka 1979, yalikuja katika pakiti za pembe tatu. Watoto tulizipenda kwa umbo lake tu. Umbo lile lilitokana na wazo la Erik Wallenberg wa Sweden, mwaka 1944, na kampuni ya Tetra Pak aliyoianzisha Ruben Rausing mwaka 1951 ikalifanya biashara. Siri yake ni hii: neli ya karatasi inajazwa maziwa, inabanwa upande mmoja kwa mlalo, kisha upande wa pili kwa wima. Inatoka pakiti yenye pande nne, na takriban hakuna kipande cha karatasi kinachopotea.

Lakini karatasi ile ilikuwa imegandishwa na plastiki ndani ili isilowe, na vitu viwili vilivyogandishwa pamoja ni kazi ngumu kuvitenganisha. Huozi hivi kama karatasi, wala huyeyushi kama plastiki. Bahati njema ni kwamba Wakenya walizipatia maisha ya pili: pakiti tupu ziligeuzwa vikopo vya kuoteshea miche. Maisha hayo ya pili aliyatoa mtumiaji. Kiwandani hakuna aliyeyapanga.

Ghala la wazee wetu

Sasa tugeukie nyumbani. Chukua pakacha. Mtu amevuna embe zake shambani, hana chombo. Anakata kuti bichi la mnazi, analisuka papo hapo chini ya mti, na kabla hujamaliza kikombe cha kahawa, pakacha liko tayari. Linapitisha hewa, kwa hivyo embe hazipati joto zikaoza. Likifika sokoni na kumaliza kazi, linatupwa, mbuzi wanalitafuna au linarudi kuwa udongo. Tunayo methali kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Leo ningeongeza kwamba kuoza kwa pakacha ni nafuu ya bahari.

Kikapu cha ukili kimebuniwa kwa hesabu tofauti. Miyaa inachanwa, inakaushwa, pengine inatiwa rangi, inasukwa ukili mrefu, kisha ukili unashonwa kuzunguka mpaka ukawa kikapu. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa, kwa hivyo chombo hiki hakikukusudiwa kutupwa, na kilidumu miaka mingi. Mshikio ukikatika, ulishonwa mwingine. Angalia tofauti hii, maana ndiyo kiini cha elimu yote: kinachotumika mara moja kilitengenezwa kwa kitu kinachooza upesi na kwa kazi ya dakika chache, kilichogharimu jasho jingi kilitengenezwa kidumu. Umri wa kitu ulilingana na kazi yake.

Jikoni nako kuna mbuzi ya kukunia nazi. Ni mbao mbili zilizopishana kwa mkato, na ulimi wa chuma wenye meno. Ikifunguliwa ni kiti na ni chombo cha kazi kwa wakati mmoja, kwani uzito wa anayekuna ndio unaoishikilia isitikisike. Ikikunjwa inaegemezwa ukutani, haichukui nafasi. Ulimi ukiisha makali, fundi anaunoa au anatia mwingine, na mbao zinabaki zile zile alizokalia nyanya yako. Leo wabunifu wa ulaya wanahimiza bidhaa zinazoweza kutengenezwa zinapoharibika badala ya kutupwa. Mbuzi haikuwahi kuwa vinginevyo.

Na vingine havikuhitaji kifungashio kabisa. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na mnunuzi alikuja na chombo chake. Kipimo hicho bado tunakijua, maana kila mwisho wa Ramadhani tunakumbushana pishi ya zakatul-fitri. Utaratibu wenyewe haujafa pia: mafuta ya kupimiwa dukani na mashine za maziwa za mitaani, ambapo mtu huja na chupa yake, ni pishi na kibaba vilivyorudi kwa sura nyingine. Chupa ya soda ya kioo nayo ni ya ukoo huo. Uliipeleka tupu dukani ukapewa iliyojaa, na ukienda mikono mitupu uliacha pesa ya chupa. Pesa hizo chache ndizo zilizofanya chupa isitupwe mtaroni. Kwa hivyo ubunifu hauko katika umbo la kitu peke yake. Unaweza kuwa katika utaratibu wa kukirudisha.

Werevu wa leo

Wala tusijidanganye kwamba kila jema liko nyuma yetu. Mitindo mizuri ya kisasa ipo, na mingi ni midogo hata hatuishangai.

Trei ya mayai ni mojawapo. Magazeti na makaratasi makuukuu yanalowekwa, yanapondwa yakawa uji, yanamiminwa kwenye kalibu na kukaushwa. Inatoka trei ya mayai 30, sita kwa tano, yenye vilima na mabonde yanayozuia yai lisiguse jenzake. Trei hupangwa moja juu ya nyingine, zikiwa tupu huingiana zikawa nyembamba, na zikichakaa hurudi kuwa uji wa karatasi au mbolea. Ni taka iliyogeuzwa ngao ya kitu chepesi kuvunjika.

Kopo la soda nalo lina hadithi. Zamani kidude cha kufungulia kiling'oka kabisa, watu wakakitupa ufuoni, kikakata nyayo za wapita njia na kumezwa na wanyama. Mwaka 1975 huko Marekani kikaanza kutumika kidude kilichobuniwa na Daniel Cudzik, kinachofungua kopo na kubaki pale pale. Hakuna aliyehubiriwa wala kutozwa faini. Kitu chenyewe kilibadilishwa umbo, na taka ile ikatoweka.

Umoja wa Ulaya umefuata njia hiyo hiyo kwa vifuniko vya chupa za plastiki. Tangu tarehe 3 Julai 2024, chupa za vinywaji zisizozidi lita tatu zinazouzwa huko lazima kifuniko chake kibaki kimeshikana na chupa hata baada ya kufunguliwa. Wengi walinung'unika kwamba kinagusa pua. Lakini yeyote aliyewahi kushiriki usafi wa ufuo wetu anajua vifuniko vinavyookotwa ni vingi kiasi gani, na anaelewa maana ya sheria hiyo bila kuelezwa.

Majina yanayodanganya

Hapa lazima tuwe macho, kwa sababu rangi ya kijani na picha ya jani vimekuwa vya kuuzia bidhaa. Zipo plastiki zilizotengenezwa kwa mahindi au miwa, zinazotangazwa kuwa zinaoza. Ni kweli zinaoza, lakini aina iliyoenea zaidi huhitaji mtambo maalumu wa mboji wenye joto la karibu nyuzi 60 kwa wiki kadhaa. Mtaroni au baharini, ambako hakuna joto hilo, inakaa kama plastiki nyingine. Zipo pia zile zilizotiwa dawa ya kuzifanya zipukutike upesi. Hizo hugeuka vipande vidogo visivyookoteka, na Umoja wa Ulaya uliamua kuzipiga marufuku katika maagizo yake ya mwaka 2019.

Hata mfuko wa pamba una hesabu yake. Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Uingereza lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba, kwa kipimo cha gesi zinazoongeza joto duniani, mfuko wa pamba unahitaji kutumika mara 131 ndipo ulingane na mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja tu. Pamba hunywa maji na mbolea, na kiwanda hula umeme. Hesabu hiyo haikumpima kasa anayemeza juala akidhani ni yavuyavu, kwa hivyo si hoja ya kurudia plastiki. Ni hoja ya kuutumia mfuko ulio nao. Mwenye mifuko kumi ya nguo kabatini, kila mmoja ametoka nao kwenye semina, bado hajayasaidia mazingira.

Sheria imefika wapi

Katika jambo hili Afrika Mashariki haikuwa nyuma. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, na Tanzania ikafuata nchi nzima tarehe 1 Juni 2019. Hapa Kenya marufuku ilianza tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu ya faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja, kama vile chupa za maji, vikombe, vijiko na mirija, haziruhusiwi katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeweka msingi kwamba anayeingiza bidhaa sokoni awajibike pia kwa taka yake baada ya kutumika.

Msingi huo wa mwisho ndio wenye uzito zaidi. Kwa miaka mingi lawama zimekuwa za mama wa viazi karai na kijana wa madafu, watu wasiochagua kiwanda kitengeneze nini. Mtengenezaji akijua kwamba mwisho wa kifungashio utamgharimu yeye, atalikumbuka swali la tatu kabla hajawasha mashine.

Lamu imeonyesha dunia somo jingine. Mwaka 2018 mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walikamilisha jahazi la Flipflopi, la mita tisa, lililoundwa kwa takriban tani kumi za plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa vipande vya kandambili 30,000. Mwanzoni mwa mwaka 2019 lilisafiri kilomita 500 kutoka Lamu hadi Zanzibar. Ufundi wa kuunda majahazi, tulioachiwa na wazee, uliweza kuitia plastiki adabu. Lakini tusilielewe vibaya jahazi lile. Halikusema kwamba tuendelee kutupa kwa sababu kuna wa kuokota. Kandambili 30,000 zilizotosha kulipamba zilikuwa zimetupwa zote.

Masinia yamekwenda wapi?

Nimalizie kwa lililonisukuma kuandika. Ramadhani moja, msikiti wa mtaani kwetu ulipata mfadhili wa futari. Chakula kikaletwa katika vibokisi vyeupe vya foma, kila mtu na chake, na kijiko cha plastiki, na kichupa cha maji. Tulikula tukashukuru, Mungu amlipe aliyetoa. Lakini baada ya Magharibi uwanja ulijaa vibokisi, upepo ukavisukuma hadi mtaroni, na usiku ule ikanyesha mvua. Asubuhi mtaro ulikuwa umeziba, na maji yameingia nyumba mbili za jirani. Mzee mmoja aliyesimama akitazama vijana wakizibua aliuliza, bila hasira, "Wanangu, masinia yamekwenda wapi?"

Yalikuwa stoo, yamepangwa. Sinia moja hulisha watu wanne au watano, halihitaji boksi, huoshwa na kurudi kazini kesho yake, na kula pamoja kuna baraka zake. Tuliyaacha kwa sababu vibokisi havioshwi. Tulikwepa kazi ya kuosha, tukapata kazi ya kuzibua mtaro. Dini yetu imetukataza israfu hata katika maji ya kutawadhia, itakuwaje kwa chombo kinachotumika mara moja na kumdhuru jirani?

Siku iliyofuata masinia yalitolewa. Vijana walipanga zamu ya kuosha, na mfadhili akaombwa alete chakula katika sufuria. Alikubali mara moja, akasema vibokisi vilikuwa vikimgharimu pesa ambazo angependa ziende kwenye nyama.

Kwa hivyo, msomaji, unaponunua au unapoandaa shughuli, jiulize matatu. Kitu hiki kitatumika kwa muda gani? Kitadumu kwa muda gani baada ya hapo? Na kikitoka mikononi mwangu kitakwenda wapi? Kama una mkahawa, jaribu kuwauzia wateja kwa bei nafuu kidogo wanaokuja na vyombo vyao. Kama unaandaa arusi, waagizie kina mama wa Kwale au Siyu vikapu vidogo vya kutilia halua, ili mgeni apate cha kubaki nacho na msusi apate riziki. Kama unauza bajia, karatasi ya kaki ni bora kuliko gazeti, kwani wino si wa kuliwa.

Na ukienda Mama Ngina, mwambie muuzaji asitie mrija. Dafu hunywewa kwa mdomo, na kijiko atakukatia.